Dakika Tatu za Kimya Baharini

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa redio katika jeshi la majini, kambi ya Mtongwe. Alipostaafu akarudi kwao Msambweni, na kila siku baada ya sala ya Alasiri tukimkuta barazani akigongagonga kikombe cha kahawa kwa ukucha. Wageni wakidhani ni vidole vya mzee vinatetemeka. La hasha! Alikuwa akiandika. Sisi watoto alitufundisha kugonga majina yetu kwa alama za Morse, na langu silisahau hadi leo.

Redio za meli hazina tena haja na ufundi ule. Wafaransa waliuacha mwaka 1997, na tarehe 1 Februari 1999 mpango mpya wa dunia wa kuokoana baharini ukaanza kazi kamili. Setilaiti ikashika mahali pa sikio la mtu. Sisemi ni hasara tupu. Usiku ule wa mwaka 1912 Titanic ilipozama, meli ya Californian haikuwa mbali, lakini mtu wake wa redio alikuwa amekwisha kulala. Mashine hailali.

Hata hivyo, msomaji, liko jambo ambalo mjomba hakuchoka kulisimulia. Katika vyumba vya redio vya meli kulikuwa na saa ya ukutani iliyopakwa rangi nyekundu mahali pawili: dakika ya 15 hadi 18, na dakika ya 45 hadi 48. Akrabu ikiingia kwenye wekundu, meli zote zilizo katika wimbi la kilohezi 500 zilinyamaza. Mwenye shehena ya mamilioni, mwenye haraka zake, wote kimya, wakimtegea sikio mnyonge ambaye mtambo wake umebakiwa na nguvu kidogo. Mara mbili kila saa, usiku na mchana. Sisi tuliolelewa na adhana twajua maana ya kuacha biashara kwa ajili ya wito.

(Sikio hilo lilitumika vitani pia. Mwaka 1942 Waingereza waliwahamishia Mombasa wafumbuzi wao wa siri za manowari za Kijapani, wakawaweka katika shule ya Allidina Visram.)

Sasa nani anamsikiliza mnyonge? Mpango ule wa setilaiti unazibana meli za abiria ziendazo nchi za nje, na za mizigo kuanzia tani 300. Mvuvi wa Gazi na ngalawa yake hayumo. Ana simu ya mkononi, ambayo ikiingia maji imekwisha. Lakini kurunzi anayo, na sheria za bahari za kimataifa mpaka leo zinaikubali SOS kwa mwanga: mimuliko mitatu mifupi, mitatu mirefu, mitatu mifupi. Mtoto wa chuoni hujifunza kabla chai haijapoa. Kwa nini wavuvi wetu wa Msambweni, Shimoni na Vanga wasifundishwe?

Tena wafundishwe na walioko nchi kavu, maana kumulika bila mtazamaji ni kazi bure. Hoteli za Diani zina walinzi wanaokesha wameielekea bahari mpaka alfajiri. Nilimwuliza mmoja wao, akiona mwanga unamulika na kuzima kule nje ya mwamba hufanya nini. Akacheka. Akasema, "Hao ni wavuvi, mzee, wanachezea kurunzi."