Matibabu ya saratani ya titi yasiishie kwenye geti la hospitali

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, mama wa watoto watatu. Mwaka jana niliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani kwa sababu ya saratani. Upasuaji ulikwenda salama, namshukuru Mungu na nawashukuru madaktari. Ninayokuandikia leo yanahusu wiki zilizofuata, zile za kuuguzwa nyumbani, maana hapo ndipo huduma hukatika.

Niliruhusiwa nikiwa na mrija uliotokea ubavuni na kuishia kwenye chupa ya plastiki ya kukusanyia majimaji. Nesi, aliyekuwa na wodi nzima ya kuangalia, aliniambia nimwage chupa ikijaa, nisilowanishe kidonda, nirudi kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Chupa nikaifunga kiunoni kwa kanga, nikapanda basi na wifi yangu. Hakuna aliyetuambia kwamba majimaji yale hupimwa kila siku na kuandikwa, kwa kuwa kiasi kinachotoka ndicho kinachomwonyesha daktari kama mrija utolewe au uendelee kukaa. Madaktari wengi husubiri kishuke chini ya mililita 30 kwa saa 24. Hatukuambiwa kwamba wekundu wa majimaji unaofifia kuelekea manjano ni wa kawaida, na kwamba usaha, harufu mbaya, joto kuzunguka mshono au homa ni vya kukimbilia hospitali bila kungoja tarehe ya kadi. Nilifika kliniki bila kumbukumbu yoyote ya vipimo, nikarudishwa na mrija wangu. Aliyenieleza haya yote kwa utulivu alikuwa mgonjwa mwenzangu kwenye benchi.

Kilichonigharimu zaidi ni mkono. Mama mkwe alinikataza kabisa kuuinua: "Utafumua mshono, mwanangu." Wifi akaniogesha, akanisuka, akanilisha, na mimi nikaukunja mkono kifuani kama nilivyoagizwa. Walinipenda, na kwa upendo huo bega likakakamaa. Kumbe kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko na kupandisha mabega taratibu huanza mara nyingi siku moja tu baada ya upasuaji; mrija ukishatoka, mgonjwa husimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo, kila siku juu zaidi ya jana. Nilipokwenda kupangiwa mionzi nikaambiwa nilale chali, mkono juu ya kichwa, ili usiizibe njia ya mionzi kufika kifuani na kwapani. Sikuweza. Ikabidi nianze kwanza mazoezi, ugenini, nikilipia chumba cha kulala wageni.

Lipime hilo, Mheshimiwa. Serikali hutumia mabilioni kununua mashine za mionzi. Vituo vyenyewe ni vichache, kama vile Ocean Road pale Dar es Salaam na Bugando pale Mwanza, na wengi wetu tunasafiri usiku kucha kuvifikia. Halafu mwanamke anashindwa kulala kwenye mashine hiyo kwa sababu hakuonyeshwa zoezi lisilogharimu hata shilingi.

Tunaambiwa pia tusinyanyue kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kusonga ugali wa familia ni kazi ya bega zima, kutwanga kisamvu vivyo hivyo. Agizo hilo akipewa mwanamke peke yake halitimizwi. Linapaswa kusemwa mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, mbele ya kijana mkubwa wa nyumbani, na daktari au nesi ndiye alitamke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Fundi, mama lishe na mkulima likizo yao ni ndugu zao.

Na mkono haumalizani nasi mapema. Tezi za kwapani zikishaondolewa, unaweza kuvimba miezi au hata miaka baadaye. Wenzetu wengi hufika hospitali saratani imeshakomaa, wakafanyiwa upasuaji mkubwa kama wangu, na mkono ukivimba, watu mtaani husema wamerogwa. Mgonjwa akiwahi hospitali, mazoezi, kutunza ngozi na soksi maalumu ya mkono vinasaidia sana. Akianzia kwa mganga, anachelewa.

Ninaloomba halihitaji jengo jipya. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaokusudiwa kuzidi 137,000 nchi nzima. Mhudumu huyo ndiye mtu anayeweza kupiga hodi kwangu siku ya tatu baada ya kutoka wodini. Mfundisheni kusoma chupa ya mrija, kutambua kidonda kilichoharibika, kusimamia zoezi la ukutani. Hospitali inayomruhusu mgonjwa imjulishe mhudumu kwamba mgonjwa huyo anarudi mtaani kwake. Namba 199 ya Wizara ni ya bure. Awepo hapo mtu wa kumjibu mwanamke aliyeamka usiku na kukuta mrija umechomoka.

Na ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa kuhesabu soksi ya mkono na titi bandia kuwa tiba. Mimi huwashonea wenzangu titi la pamba, jepesi, linalofaa wakati kidonda bado kibichi. La silikoni huja baadaye, kidonda kikishapona, na bei yake wengi hatuiwezi. Kuna wanawake walioacha kwenda kanisani na msikitini kwa sababu upande mmoja wa gauni umelala. Nimewapima kwa futi yangu, nawajua.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka angalau asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani ya titi wamalize matibabu yao. Hatutafika huko kwa kuhesabu upasuaji peke yake.

Kila Oktoba viongozi wetu huvaa pinki na kutuhimiza tujichunguze. Tunaitikia. Kabla ya Oktoba ijayo, nakuomba utoe waraka kwa hospitali zote: asiruhusiwe mwanamke mwenye mrija kwenda nyumbani bila karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, chombo cha kupimia, zoezi la mkono alilolifanya mbele ya mtaalamu ndugu yake akiona, na namba ya simu inayopokelewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Tabora.