Ndege Saa Moja na Nusu, Ukweni Siku Nzima

Mwezi huu nina ujumbe wa dada mmoja wa Tarime. Mchumba wake anaishi Dar. Walipopanga siku ya posa, jamaa akamwambia, "Usihofu beibi, ndege ni saa moja na nusu tu. Jumamosi saa tano niko kwa wazee." Wazee wakakaa, chakula kikapikwa. Bwana akatia mguu jioni, watu wameshatawanyika. Sasa baba anasema kijana ana dharau, na dada anauliza: "Anti, huyu ananipenda kweli au ananichezea?"

Pole sana mdogo wangu. Kabla hujamrudishia pete yake, tupige hesabu.

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 850. Jeti ikishatulia angani hukimbia kilomita 800 hivi kwa saa, ila kupaa na kushuka nako kunakula muda. Kwa hiyo saa moja na nusu si uongo. Tatizo ni kwamba wewe hukai uwanja wa ndege Mwanza!

Tuseme ndege ni saa 2:00 asubuhi na jamaa anakaa Mbezi. Saa 10:30 alfajiri awe ameshatoka nyumbani. Saa 3:30 anatua Mwanza. Achukue begi, afike stendi ya Nyamhongolo, asubiri basi liondoke: saa 5:30. Kisha Magu, Bunda, daraja la Kirumi, karibu kilomita 300, basi likishusha na kupakia. Saa tano nyingine hizo. Anafika Tarime saa 10:30 jioni. Saa moja na nusu imezaa saa kumi na mbili!

Na nyie wenye wachumba Mugumu, msijidai. Mtu akiona kuna ndege ya Seronera anadhani ameshafika Serengeti. Kweli ni Serengeti, lakini ile ni hifadhi! Kutoka Arusha kindege kidogo huchukua kama saa moja, halafu kuna kiingilio cha hifadhi, gari la kutafuta, na geti la Ikoma la kuwahi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa, Mugumu utaisikia kwenye simu.

Kwa hiyo mdogo wangu, kuchelewa peke yake si ushahidi kwamba hakupendi. Jiulize hivi: alipokuwa Bunda na saa tano imeshapita, alipiga simu? Kama alipiga, huyo ni mgeni wa safari, afundishwe. Kama alizima simu ukabaki unahangaika mbele ya wazee, hapo kuna maongezi mazito.

Akina kaka, sikilizeni. Hesabu safari kutoka mlango wako hadi mlango wa mkwe. Posa ikiwa Jumamosi, Ijumaa ulale Tarime, unyooshe shati, uamke mbichi. Na huyu bwana atume mshenga kwa baba haraka, aombe radhi na siku nyingine. Wazee wanasamehe safari ndefu. Kudharauliwa hawasamehi.

Mpendane jamani. Tukutane toleo lijalo!