Fikra Ndogo na Riwaya Isiyoandikwa: Hoja ya Mombasa Ng'ambo ya Kisiwa

Kuna dai lililorudiwa mno katika mijadala ya riwaya ya Kiswahili hata likachukuliwa kuwa kanuni: kwamba riwaya kubwa huzaliwa na tukio kubwa. Kwa mujibu wa dai hili, mtunzi chipukizi wa Likoni huelekezwa kwenye ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272, au kwenye ghasia za Agosti 1997. Wa Changamwe hutumwa kwenye mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, na wa Kisauni hukabidhiwa suala la ardhi na uskwota, zima zima. Kisha kurasa mia mbili zikikosa uhai, husemwa kwamba kipawa cha Mombasa ni cha ushairi, na kwamba tangu enzi za Muyaka nathari haikuwa fani yake. Hitimisho hili ni la uvivu. Kilichoshindwa hapo si kipawa, ni ushauri.

Tukio kubwa humjia mtunzi likiwa limekwisha kusimuliwa. Msomaji anaujua mwisho kabla ya kufunua jalada, na mtunzi hubakiwa na kazi ya kupachika majina ya watu kwenye habari ya gazeti. Fikra ndogo, kwa upande wake, haina cha kuegemea. Ndiyo maana humlazimu mtunzi kufikiri.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Asubuhi ile ya Ijumaa mtu mmoja wa Mtongwe anachelewa feri. Mwandishi wa hadithi fupi atamwacha pale ufukweni anaposikia mayowe, na hadithi itakuwa imetimia. Mwandishi wa riwaya hana ruhusa ya kuondoka. Mtu huyu alichelewa kwa nini? Ikiwa alilala kwa mke wa pili asiyejulikana nyumbani, basi kila atakayempa mkono na kumwambia kwamba Mungu kamnusuru atakuwa anaigusa siri hiyo. Na ikiwa jirani yake alitangulia ili amwekee nafasi kwa nyapara wa Kilindini, asirudi, mjane wa jirani ataendelea kuishi mlango wa pili katika nyumba ile ile ya kupanga. Atasaidiwa na nani, na kwa jina gani? Mke wa kwanza atauelewaje msaada huo? Sura nzima nzima zimo katika maswali haya, wala hakuna inayohitaji maelezo ya jinsi chombo kilivyopinduka. Lakini maswali hayaji kwa siku moja. Jibu la kwanza aghalabu huwa la uongo. Mtunzi huligundua kwenye sura ya tano, na hapo hana budi kurudi kwenye ya kwanza. Kurudi huko ndiko wanaosubiri mswada hukuita uzembe.

Watetezi wa kanuni hupenda kuitaja Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi. Ni kweli kwamba riwaya hiyo hufikia mgomo wa Zanzibar wa 1948. Hufikia, haianzii hapo. Msomaji hukaa kwanza na Rashidi, umaskini wa kwao na kazi ya bandarini, hata mgomo unapowadia linaloulizwa ni Rashidi amekuwa mtu gani. Wanaoitumia Kuli kumsukuma kijana wa Changamwe kwenye mwaka 1947 wameisoma kutoka nyuma.

Ushahidi ulio bora zaidi ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Kiini chake ni kidogo kupita kiasi: wale ni sisi, maneno matatu yaliyoshikana yakawa jina la nchi. Barazani mchezo huo wa maneno ungechekewa na kusahauliwa. Mkangi aliushikilia. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, nacho kinamfikisha kwenye nchi hiyo, ambako sheria, mali na kazi hulazimika kulijibu neno lile. Ni haki pia kusema kwamba pana kurasa ambapo riwaya hugeuka mhadhara, na Dzombo akawa msikilizaji zaidi kuliko mtendaji. Hutokea hivyo pale mtunzi anapokuwa na jibu kabla ya swali. Baina ya Mafuta (1984) na Walenisi ilipita miaka 11, na ndani ya miaka hiyo Mkangi aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Si kila ukimya wa mtunzi ni ugoigoi.

Mashindano yanayodai mswada kamili kwa miezi michache, na idara zinazotahini utunzi kwa muhula mmoja, huvuna hadithi fupi zilizovutwa kama mpira. Wanaoitaka kwa dhati riwaya ya Likoni na wakubali kusoma kurasa thelathini za mwanzo zisizo na ajali yoyote, kisha wamrudishie mtunzi wake kurasa hizo wakiwa na swali moja tu pambizoni: yule mtu alichelewa kwa nini?