Kabla ya Kulala Ndani ya Pikapu Kuukuu

Huenda umenunua pikapu kuukuu yenye kibanda cha kulala mgongoni, au unapanga kumwona fundi wa jua kali akuundie kimoja. Ni wazo zuri. Watoto wataijua nchi yao bila wewe kulipia vyumba vya hoteli. Hata hivyo, wengi hukimbilia rangi na mapazia, ilhali hatari zenyewe hazionekani kwa macho.

Anza na paa. Dunga kwa bisibisi mbao zilizo kwenye pembe na kando ya madirisha. Bisibisi ikizama kwa urahisi, ujue maji yamepenya na ubao umeoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ung'oe ubao huo, uweke mwingine, kisha uzibe viungo vyote.

Pili, chunga uzani. Pikapu ya tani moja haipaswi kuzidishiwa tani hiyo, na kila kitu huhesabiwa: kibanda chenyewe, abiria, magodoro na vyakula. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mitungi mitatu ya lita 20 ni kilo 60. Tazama pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi. 2314, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2014. Tairi kongwe hupasuka hata kama meno yake yangali mazuri.

Ukiteremka kuelekea Mai Mahiu, tia gia ndogo. Anayekanyaga breki mfululizo akiwa na mzigo mzito huzichemsha hadi zikakataa kushika. Pale kando ya barabara pana kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia mnamo 1942. Simama hapo, breki zipoe na watoto wajifunze historia.

La tatu ndilo kubwa. Usiku wa Naivasha una baridi, nawe utashawishika kuingiza jiko la makaa kibandani. Usithubutu! Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na humuua mtu akiwa usingizini. Hata makaa yanayokaribia kuzimika huitoa. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni ikingoja kiberiti. Mtungi ukae nje, upishi ufanyiwe nje, na kibanda kiwe na matundu ya hewa juu na chini. Dhidi ya baridi, blanketi zinatosha.

Safari ya kwanza iwe ya karibu, tena ya usiku mmoja tu. Mbuga ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mnamo 1984, inafaa sana kwa kuwa wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Kilichovuja au kulegea utakigundua ukiwa ungali karibu na fundi wako. Mkirudi salama, hapo sasa nunueni rangi na mapazia.