Tufundishe Mpangilio Kabla ya Mashine

Umeenea mtindo wa kufundisha habari za kompyuta kwa kuwaonyesha watoto vitufe vyake tu. Kwa maoni yangu mtindo huo hautoshi. Mtoto aweza kuvijua vitufe vyote asijue ni kwa nini mashine hutoa jibu upesi. Na vitufe vikibadilika, elimu yake imekwisha.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alipendekeza kumbukumbu zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Jedwali likiwa fupi, mashine hulisoma lote bila taabu. Lakini watahiniwa wa darasa la saba nchini Tanzania mwaka 2022 walizidi 1,000,000. Kusoma mstari mmoja mmoja kila linapoulizwa swali ni kupoteza wakati. Wengi watataka inunuliwe mashine kubwa zaidi. Mimi nasema kwanza tupange.

Jambo hili lafundishika kwa kadi 63. Andika namba ya mtahiniwa na jina lake katika kila kadi, uzipange kwa mfuatano wa namba. Mtoto atafute namba moja kwa kufunua kadi ya katikati, kisha aiache nusu isiyohusika. Hatafunua zaidi ya kadi 6. Kadi zikiwa 1,000 hazitazidi 10. Zikiwa 1,000,000 hazitazidi 20.

Akitafuta kwa jina, mfuatano huo hautamsaidia. Basi darasa litengeneze faharasa: orodha ya majina kwa alfabeti, kila jina likionyesha namba yake. Kisha leta kadi mpya. Watoto wataona kwamba faharasa nayo yapaswa kurekebishwa, na wataelewa kwa nini hatuweki faharasa ya kila kitu.

Mwisho, zigawe kadi katika bahasha za mikoa. Aulizwaye habari za mtahiniwa wa Dodoma atafungua bahasha moja. Asiyetajiwa mkoa atazifungua zote. Kwa hiyo mgawanyo hufuata maswali yatakayoulizwa.

Huenda mwanachuo akasema kwamba shule atakayopangiwa haina umeme. Hiyo si sababu ya kuliacha somo hili. Kadi hukatwa kwa maboksi makuukuu, na mtoto aliyejifunza kupanga na kutafuta kwa kadi hizo atakapoikuta kompyuta ataelewa inachofanya.