Vighuba vya Idjwi si Mahali Patupu



Kila likizo kubwa inapokaribia, vikundi vyetu hapa Kiwanja huanza kuchanga fedha za matembezi, na jina la Ziwa Kivu halikosi kutajwa. Wengi hutamani kushuka Goma, kupiga picha kando ya maji na kurudi. Sisi tunaona kwamba, pale usalama unaporuhusu, safari yenye faida zaidi ni ile ya kufuata polepole ukingo wa kisiwa cha Idjwi, na kuingia katika vighuba vyake vilivyo mbali na bandari na masoko. Lakini tuende huko kama wageni wa watu.

Tuanze na maji yenyewe. Wataalamu wa miamba hufundisha kwamba zamani sana maji ya bonde la Kivu yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wetu, hadi Ziwa Edward. Milima ya moto ya Virunga ilipoinuka, iliiziba njia hiyo. Maji yakapanda, yakafunika mabonde, kisha yakapata mlango upande wa kusini kwa mto Ruzizi, yakaelekea Tanganyika. Ndiyo maana kingo za ziwa hili zimepindapinda: kighuba ni bonde lililozama, na rasi ni kilima kilichosalia. Anayepita katikati ya ziwa kwa boti ya kasi hayaoni hayo. Anayefuata ukingo kwa kasia huyaona yote, na hutambua kwamba historia ya maji hayo inagusa hata ardhi ya Rutshuru.

Vighuba hivyo vimetulia, lakini vina wenyewe. Mchana utaikuta mitumbwi ya wavuvi imepumzika, mitatu mitatu, ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu. Jioni hutoka na taa kutafuta sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo hulisha familia nyingi kutoka Bukavu hadi Goma.

Upo pia ukimya wa msiba. Kwa miaka mingi ya vita na ushuru mzito, wakulima wa kahawa wa Idjwi na wa ng'ambo ya Kalehe hawakuwa na soko la haki. Walipakia magunia usiku, wakavuka kwa siri kwenda Rwanda, wakarudi na chumvi, sabuni na mahitaji mengine ya nyumbani. Dhoruba ziliwachukua wengi, na wajane wakabaki na mashamba na watoto. Baadaye wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, wakajenga vituo vya kuoshea kahawa, na mazao yao yakapata njia halali ya kuuzwa. Kijana anayepiga picha katika kighuba bila kujua hayo ameona maji tu.

Wapo watakaouliza: je, inafaa kufanya matembezi wakati ndugu zetu wengi wamekimbia makwao? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, wengi wetu tumelijua ziwa kama njia ya kukimbilia tu. Kisiwa hicho hicho kilipokea wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994. Kwenda kuwasikiliza watu waliowapa wengine nafasi katika ardhi yao finyu si anasa. Ni shule ambayo vijana wa mahali petu wanaihitaji.

Lakini upendo wa ziwa bila busara ni hatari. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, mbele ya macho ya waliosimama nchi kavu. Msiba huo utufundishe kukataa. Boti isiyo na jaketi okozi kwa kila abiria, hata iwe ya bei nafuu, tusiipande. Tuondoke asubuhi, tusafiri karibu na ukingo, na nahodha akisema upepo ni mbaya, tumtii. Na tukipita ukingo wa kaskazini, kuelekea Goma na Sake, tusilale katika mabonde tusiyoyajua: huko kuna mazuku, hewa nzito itokayo ardhini, isiyoonekana, ambayo hujikusanya mahali pa chini na kuua aliyelala.

Tunapendekeza basi kwamba kila kikundi kitakachokwenda Idjwi kijitwike kazi tatu. Kwanza, kiwasalimu na kuwaomba ruhusa viongozi wa kijiji kabla ya kutia nanga. Pili, kinunue chakula chake, samaki na mananasi, kutoka kwa wenyeji, bila kubishana bei hadi kuwanyima faida. Tatu, kiwaulize wazee, Wahavu na Wambuti, majina ya vighuba na sababu ya majina hayo, kisha kiyaandike katika daftari na kuyasoma mbele ya wenzetu waliobaki Kiwanja. Picha za maji hufanana, lakini jina la kighuba likiandikwa pamoja na habari zake, hata asiyewahi kufika atajua kwamba pale wanaishi watu.