Itikadi ilikufa, rungu likabaki

Makwale, wilayani Kyela, si mbali na mpaka wa Tanzania na Malawi wa Kasumulu. Ng'ambo ya Mto Songwe, mwaka 1963, chama cha Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, kiliunda Malawi Young Pioneers: vijana wa jembe waliogeuka rungu la chama. Waliapia nguzo nne, yaani umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Desemba 1993 jeshi likawanyang'anya silaha.

Nguzo zile zilizikwa. Rungu halikuzikwa: vyama vya Malawi vya zama za vyama vingi navyo vikafuga vijana wa kutisha wapinzani, safari hii bila hata itikadi ya kusingizia. Afadhali Wanyakyusa wa kale wa huku Kyela, waliokabidhiana madaraka kwa marika, hadharani.

Vyama vyetu vya Tanzania vivunje vikosi vyao vya vijana.